Haroun Tazieff: kutoka volkano za Kivu mpaka swali la kukimbia ao kubaki

Alizaliwa mbali sana na huku, lakini njo Kivu iliyomfanya kuwa mtu wa volkano. Alishuka ndani ya Nyiragongo wakati ilikuwa imekatazwa. Miaka mingi kiisha, alibishana na wakubwa wa sayansi ya Ufaransa juu ya watu zaidi ya 70.000 waliohamishwa makwao. Mabishano yale hayajazeeka: wakaaji wa Goma waliyakuta tena mlangoni mwao katika mwaka wa 2021.

Udongo unapotetemeka

Pale Kasha, ku vilima vya komine ya Bagira, tetemeko likipita usiku watu wanatoka nje na watoto mgongoni. Mtu anaogopa nyumba isimwangukie, tena anaogopa mlima usiteremke na nyumba pamoja. Kiisha, kabla roho haijatulia, swali linaanza kutembea kutoka nyumba hii mpaka nyumba ile: ni tetemeko tu, ao ni volkano ya Goma inaamka? Simu zinalia. Huyu amesikia hivi, yule amesikia vile.

Swali lile si la kijinga. Bukavu, Goma, ziwa Kivu na volkano za Virunga, vyote viko ndani ya ufa mmoja mkubwa, fasi ambapo bara la Afrika linapasuka polepole sana. Udongo mwekundu unaoteleza Bukavu wakati wa mvua, kwa sehemu kubwa ni lava ya zamani iliyooza kwa mamilioni ya miaka. Mlima Kahuzi nao ni volkano iliyokufa. Lakini si kila tetemeko ni volkano. Lile la tarehe 3 Februari 2008, lenye nguvu ya 5,9, lililotikisa Bukavu na Kabare na kuua watu wengi upande wa Rwanda, lilitoka ku ule ufa wenyewe. Nyiragongo haikuhusika.

Kujua tofauti kati ya tetemeko la ufa, tetemeko la magma inayopanda, na tetemeko la maji yanayochemka chini ya mlima, ni kazi ngumu hata kwa wenye mashini. Mmoja wa watu waliotumia maisha yao yote kutafuta tofauti ile aliitwa Haroun Tazieff.

Mtoto bila nchi

Tazieff alizaliwa tarehe 11 Mei 1914 ku Warsaw, mji ambao siku zile ulikuwa chini ya utawala wa Urusi. Baba yake alikuwa munganga wa ukoo wa Watatari, Waislamu wa Urusi; njo maana mtoto alipewa jina la Haroun, Haruni kwa Kiswahili. Vita ya kwanza ya dunia ilianza miezi michache tu kiisha kuzaliwa kwake, na baba akafia vitani. Hakumjua.

Mama alibaki na mtoto katika nchi iliyokuwa inawaka: vita, kiisha mapinduzi ya 1917. Wakatoka, wakahama kutoka fasi moja mpaka nyingine, na katika mwaka wa 1921 wakafika Ubelgiji. Huko mama aliolewa na Robert Vivier, mwandishi na mshairi, ambaye alimlea kijana sawa mtoto wake. Lakini kwa karatasi, Haroun hakuwa mtu wa nchi yoyote mpaka mwaka wa 1936, alipopewa uraia wa Ubelgiji. Alikuwa na miaka 22. Watu wengi wa mashariki ya Kongo wanajua maisha ya namna hiyo, maisha ya kubeba mzigo bila kujua utautua wapi.

Alisoma kilimo ku Gembloux, akamaliza mwaka wa 1938. Vita ya pili ilipofika, Ubelgiji ikakaliwa na Wajerumani, yeye akaingia katika kundi la waliowapinga kwa siri, na palepale akaendelea na masomo ya jiolojia na migodi ku Liège. Alipata diploma mwaka wa 1944. Alikuwa kijana mwenye nguvu, mchezaji wa ragbi na ndondi, asiyependa kuamriwa. Tabia ile ya kutopenda kuamriwa itamsaidia, na itamletea shida.

Kituro, mwaka wa 1948

Vita ilipoisha, Tazieff alikuja Kongo, iliyokuwa koloni ya Wabelgiji. Alianzia Katanga, katika migodi, kiisha akafanya kazi ya jiolojia upande wa Kivu. Bukavu siku zile iliitwa Costermansville, na ilikuwa mji mkuu wa Kivu nzima, Goma ikiwa bado kituo kidogo. Alikuwa mtu wa mawe na madini. Volkano hakuwa amezisomea sana, na hakuna aliyemtazamia kuwa mtaalamu wa moto.

Mwezi wa tatu 1948 ardhi ilipasuka ku ubavu wa Nyamulagira, upande unaotazama ziwa, fasi inayoitwa Kituro. Idara ya jiolojia ikamtuma aende kutazama na kuandika ripoti. Akaenda, na maisha yake yakageuka palepale. Aliona mlima mpya ukijengeka mbele ya macho yake, lava ikiingia porini na miti ikiwaka, mawe yakiruka juu na kuanguka yangali mekundu. Alikaribia kuliko mtu mwenye akili angekaribia. Aliporudi, hakuwa tena mtu wa migodi.

Katika vitabu vingi vya Ulaya, habari hii inaelezwa sawa kwamba muzungu mmoja alikuwa peke yake na volkano. Si kweli. Wakaaji wa Sake, Rutshuru na Masisi walikuwa wameishi na milima ile tangu mababu. Waliipa majina. Walijua fasi ambapo mbuzi anaanguka na kufa bila ugonjwa, wakaiita mazuku. Na wabebaji wa Kongo njo walibeba kamba, chakula na mashini mpaka juu. Majina yao hayakuandikwa kwenye vitabu.

Nyiragongo iliyokatazwa

Ng'ambo ya Nyamulagira kuna Nyiragongo, mita 3.470, na tundu lake kubwa lenye kuta zilizosimama wima. Tangu 1928 ilijulikana kwamba ndani kuna moto usiozimika. Lakini mlima ulikuwa ndani ya Parke Albert, inayoitwa leo Parke ya Virunga, na wakubwa wa parke hawakutaka watu washuke ndani. Mwaka ule ule wa 1948 Tazieff alishuka bila ruhusa. Hakufika chini kabisa, lakini alifika fasi ya kuona kwa macho yake ziwa la lava linalochemka, jambo lililokuwa adimu sana duniani.

Alirudi mara nyingi. Mwaka wa 1959 alishuka na wenzake mpaka karibu kabisa na ziwa lile, wakachukua gazi iliyotoka moja kwa moja katika lava. Hapo njo tunaona kazi yake ya kweli. Kwake, gazi njo moyo wa volkano: bila gazi, magma ingelala tu chini. Mtu anayetaka kujua mlima unawaza nini, apime gazi yake, asikilize matetemeko yake, apime joto la maji yake. Kusimama mbali na kutoa maneno makubwa, alisema sikuzote, si sayansi.

Aliandika vitabu na kutengeneza filme. Filme yake ya 1966 juu ya Nyiragongo ilizunguka dunia na kujulisha mlima wa Kivu kwa mamilioni ya watu wasiojua Goma iko wapi. Alifanya kazi pia na Cousteau ku Bahari Nyekundu, na akaongoza safari nyingi ku jangwa la Afar, Ethiopia, fasi ambapo ufa huu huu wa Afrika Mashariki unakutana na bahari. Mwaka wa 1971 alichukua uraia wa Ufaransa.

Sufuria iliyofunikwa

Mabishano makubwa ya maisha yake yalitokea mbali na Kongo, ku kisiwa cha Guadeloupe, kinachotawaliwa na Ufaransa. Volkano ya pale inaitwa La Soufrière. Tarehe 8 Julai 1976 ilianza kulipuka: mvuke, majivu, matope, na matetemeko kwa maelfu.

Ili kuelewa mabishano, fikiria sufuria ya maharagwe ku mbabula. Makala yako chini, maji yako katikati, kifuniko kiko juu. Chini ya volkano nyingi iko vilevile. Maji ya mvua yanaingia katika nyufa, yanashuka, yanakutana na mawe ya moto, yanachemka na kutafuta njia ya kupanda. Njo huko chemchemi za maji moto zinatoka. Njia ikizibwa, mvuke unajikusanya, unasukuma mawe, na mawe yakivunjika mashini zinaandika matetemeko madogo madogo. Siku moja kifuniko kinaruka. Mlipuko ule unatupa mawe ya zamani na majivu ya zamani, lakini hauna lava mpya ndani yake. Unaweza kuua mtu aliye karibu, lakini haufiki mbali.

Hatari kubwa ni nyingine: makala yenyewe kupanda, maana yake magma mpya kuja juu. Hapo linaweza kutoka wingu la moto kama lile la mwaka wa 1902 ku kisiwa jirani cha Martinique, lililoua watu karibu 28.000 wa mji wa Saint-Pierre kwa dakika chache. Kila mtu wa Guadeloupe alijua habari ile.

Tazieff, aliyekuwa anaongoza kazi ya volkano katika taasisi kubwa ya Paris, alikwenda kutazama. Akakata maneno: ni mvuke, ni sufuria tu, watu wasihamishwe. Kiisha akaondoka kwa safari nyingine ku Amerika ya Kusini. Nyuma yake matetemeko yaliongezeka, na wataalamu wengine walifikiri wameona katika majivu vipande vya kioo kipya, alama ya magma. Tarehe 15 Agosti serikali ikaamuru watu zaidi ya 70.000 waondoke. Mkubwa wa taasisi ile, Claude Allègre, alikuwa upande wa waliosema hatari ni kubwa.

Tazieff alirudi, akapanda juu ya mlima na wenzake. Tarehe 30 Agosti mlipuko uliwakuta palepale juu. Mawe yalinyesha juu yao, wengine wakaumia, na ilibaki kidogo tu wafe wote. Mtu mwingine angegeuza maneno. Yeye aliposhuka alirudia yale yale: ni mvuke.

Kwa kusema hivyo hadharani, alipoteza kazi yake ya uongozi. Lakini mwezi wa kumi na moja kamati ya wataalamu wa nchi mbalimbali, ikiongozwa na Mwamerika Frank Press, ilikaa na kuona kwamba hatari ya mlipuko mkubwa ni ndogo, na kwamba kile kioo hakikuwa alama ya magma mpya. Mwezi wa kumi na mbili watu wakaanza kurudi. Walikuwa wamekaa miezi zaidi ya mitatu nje, mashamba yameharibika, masomo na kazi zimesimama. Mlipuko mkubwa haukuja.

Je, Tazieff alikuwa na haki? Kwa matokeo, ndiyo. Lakini leo wataalamu wengi wanafikiri kwamba magma pengine ilipanda kidogo na kusimama chini, bila kufika juu. Kama ni hivyo, basi siku ile hakuna aliyeweza kuwa na hakika, yeye mwenyewe pia. Mwenye kuhamisha watu bure anawafanya maskini. Mwenye kuwaacha siku ya hatari anawazika.

Tarehe 10 Januari 1977

Watu wa Guadeloupe walikuwa wamerudi tu makwao wakati mlima wa Kivu, ule Tazieff alioujua kuliko yote, ulipopasuka. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa Nyiragongo ulifunguka kwa nyufa, na ziwa la lava likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Lava ya Nyiragongo iko nyepesi sana, karibu sawa mafuta. Ku miteremko ilikimbia kuliko gari. Vijiji vya upande wa Goma vilifunikwa. Hata tembo walikutwa na lava porini, na mashimo ya miili yao yakabaki katika mawe. Hesabu ya watu waliokufa haikupatana hata siku moja: kuna wanaohesabu makumi, kuna wanaohesabu mamia.

Hapakuwa na mvuke wa kubishania, hapakuwa na miezi ya matetemeko ya kusoma na kusoma tena. Tazieff alikuja, akatembea juu ya lava mpya, akaandika habari ya mlipuko ule kama jambo la pekee. Kwa miaka karibu 30 alikuwa ametazama ziwa lile kutoka juu. Waliolipa ni wale waliokaa chini.

Gazi isiyoonekana

Kazi nyingine yake inahusu wakaaji wa kando ya ziwa Kivu moja kwa moja. Tarehe 20 Februari 1979, ku Dieng, Indonesia, watu zaidi ya 140 walikufa walipokimbia mlipuko wa mvuke. Moto haukuwagusa. Walianguka njiani katika gazi karbonike iliyojaa mabondeni. Tazieff na wenzake walichunguza na kuandika: gazi ile ni nzito kuliko hewa, inalala chini, haionekani. Ni mazuku ile ile ya Goma na Sake, lakini kubwa. Somo lake ni wazi: mtu akikimbia volkano asikimbilie shimoni ao bondeni.

Mwaka wa 1986 ziwa Nyos, ku Kameruni, lilitoa gazi ile ile usiku mmoja na kuua watu zaidi ya 1.700. Hapa Tazieff alishikilia tena maelezo yake ya mlipuko wa mvuke kutoka chini. Wataalamu wengi hawakumfuata. Walionyesha kwamba gazi ilikuwa imejikusanya ndani ya maji ya chini ya ziwa na kupanda yenyewe yalipovurugika, na kazi ya kutoa gazi ile kwa mabomba imewapa haki. Kwa watu wa Kivu tofauti hii ni kubwa, sababu ziwa Kivu nalo lina gazi karbonike na metani nyingi sana katika maji ya chini.

Waziri, na mtu wa kukosea

Serikali ya Ufaransa iliyomwona msumbufu ilimrudisha. Kuanzia 1981 alipewa kazi ya kuzuia maafa ya asili, na kutoka 1984 mpaka 1986 alikuwa katibu wa serikali kwa kazi ile ile. Alikuwa pia meya wa Mirmande, kijiji kidogo cha kusini-mashariki ya Ufaransa, kwa miaka 10. Alipigania mipango ya kuonyesha wazi fasi gani ni ya hatari, kusudi watu wasijengewe pale halafu kuliliwa wakiisha kufa.

Uzeeni alisema pia mambo yasiyokuwa ya kazi yake. Alikataa kwamba gazi za friji zinaharibu tabaka la ozoni, na sayansi ilionyesha amekosea. Ile tabia ya kupinga wakubwa iliyomsaidia Guadeloupe ilimpoteza hapo. Alifariki Paris tarehe 2 Februari 1998, akiwa na miaka 83.

Kilichobaki

Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma. Tazieff hakuwepo tena kuiona. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulifunguka tena, watu zaidi ya 30 wakafa. Siku zilizofuata matetemeko hayakusimama, na mashini zikaonyesha magma iko chini ya mji na ziwa. Tarehe 27 Mei ikatoka amri: sehemu kubwa ya Goma iondoke. Watu wakaenda Sake, Minova, Rutshuru, Rwanda, na wengi wakashuka na boti mpaka Bukavu, familia zikawapokea. Mlipuko wa pili haukuja. Mwezi wa sita wakaanza kurudi, na wengi waliuliza kama walikimbia bure.

Ni swali la 1976, limerudi kwa Kiswahili. Maisha ya Tazieff hayatoi jibu la haraka. Yanaonyesha tu kwamba jibu zuri linatengenezwa kabla ya siku yenyewe: mashini zinazofanya kazi, joto la chemchemi linalopimwa kila mara, gazi inayopimwa, na watu wanaolipwa kusudi wafanye kazi ile hata mwaka ambao hakuna kinachotokea. Kazi ile leo haiko mikononi mwa mgeni anayekuja na kuondoka. Inafanywa na Wakongo, ku kituo cha uangalizi wa volkano cha Goma, na ku Lwiro, karibu kilomita 45 kutoka Bukavu, ambako matetemeko yanaandikwa tangu miaka ya 1950.

Tetemeko likipita tena usiku pale Kasha, mtu atoke nje, asimame mbali na kuta na mteremko, asikilize habari za wenye kupima kabla ya kupeleka habari kwa simu. Na wenye kupima nao wana deni: kusema wanachojua, na kusema pia fasi ambapo ujuzi wao unakomea. Hilo la pili njo Tazieff, pamoja na ushujaa wake wote, aliona gumu kuliko kushuka Nyiragongo.